Nilisema Hana Mtu

Bagamoyo, mwezi wa Mfungo Tano

Kwa mama yangu mzazi, Bi Mwanaisha, huko Kilwa Kivinje.

Nashika miguu yako, mama, ingawa mikono yangu haifiki. Hujambo? Kifua chako kimepoa, au bado kinakubana wakati wa kusi? Na mjomba Saidi, ambaye najua ndiye anayekusomea maneno haya, macho yake hayajambo? Mjomba, shikamoo. Nakuomba jambo moja kabla hujaendelea: kama kuna watu barazani, funga mlango kwanza. Barua zangu nyingine mlizisoma mbele ya majirani, nami niliziandika nikijua zitasomwa hivyo. Hii si ya majirani.

Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, natembea, homa imeniacha. La zaidi ya hapo utalisikia mwenyewe.

Mama, niliwaandikia kwamba mimi ni karani wa bibi tajiri, nakaa juu ya zulia na wino wangu. Si kweli. Tajiri wa kwanza niliyemwendea aliisifu hati yangu, akasema kazi hiyo amempa mpwawe. Wa pili hakuinua hata kichwa. Nikabeba mizigo forodhani mpaka bega likaota sugu, kisha nikapata kazi ya kulinda mlango. Nikaandika "karani" kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi na neno lilikuwa jepesi. Sikujua litakwenda kumtoa mtu nyumbani kwake.

Mlango wenyewe ni wa Bi Zuwena, mjane ambaye wazee wake walitoka Manga, huko Uarabuni. Mwaka huu mvua imewanyima watu wa bara. Wakwere, Wazaramo na Wazigua wanaingia mjini kila siku, wamekonda mpaka unaona mbavu kabla hujaona uso. Wengi wamekula ndiga, vile viazi vya porini ambavyo usipoviloweka siku nyingi vinaua, na njaa haisubiri siku nyingi. Wengine wameweka watoto wao rehani kwa mtama. Mji unafanya unachoweza: misikitini watu wanatoa sadaka, mapadre walioko nje ya mji wanapokea wagonjwa, na Bi Zuwena anapika uji wa mtama uani kwake kila asubuhi. Vyungu vitatu vikubwa, wala havitoshi.

Kwa kuwa havitoshi, aliweka sharti. Siku ya kwanza alinipa fimbo, akaniambia, "Athumani, mwenye ndugu mjini, ndugu yake ndiye amlishe. Uji wangu ni wa asiye na mtu. Waulize, na wakikudanganya utajua."

Nikawa ndiye ninayeuliza. Mama, niliipenda ile fimbo. Watu wazima walinishika mkono, wakaniita bwana. Wanawake walinionyesha watoto wao kama vile mimi ndiye niliyepanda ule mtama. Nikajifunza kukunja uso. Siku moja alikuja mzee wa Kizaramo mwenye miguu iliyovimba. Nikamuuliza kama ana mtu mjini, naye, kwa kuwa hakujua kusema uongo, akasema ana mpwa wake anayechota maji majumbani. Nikamwambia, "Basi nenda kwa mpwa wako." Akasema mpwa mwenyewe hana kitu. Nikamwambia mkosi wa mpwa wake hauko katika chungu changu. Watu wakacheka, nami nikaona nimesema neno la maana.

Kesho yake alikuja Bi Tatu.

Ndiyo, mama, Bi Tatu wetu, jirani yako. Unaniambia tangu utoto kwamba uliponizaa homa ilikushika siku arobaini, na yeye ndiye aliyenipa ziwa, mimi upande huu na mwanawe Feruzi upande ule. Nilijua Feruzi amefuata msafara wa bara na hajarudi. Sikujua kwamba mama yake angemfuata mpaka huku, wala kwamba wewe ulimwambia, "Nenda kwa Athumani. Ni karani mkubwa Bagamoyo, atakuulizia kwa wenye misafara." Alishuka chomboni akazunguka siku sita nyumba za matajiri akimuuliza karani Athumani wa Kilwa. Kila nyumba wakamwambia hawamjui. Akalala katika vibaraza vya watu. Chakula alichotoka nacho kikaisha. Siku ya saba aliwafuata watu wenye njaa, maana wao walijua uji uko wapi.

Sikumtambua mpaka alipopaza sauti. "Kijino! Mwanangu Kijino!"

Jina hilo sijaitwa tangu nilipotahiriwa. Watu wote walicheka. Yule mzee wa Kizaramo alikuwa amerudi, ameketi ukutani, naye alinitazama bila kucheka. Nikahesabu mambo yote kwa mara moja, mama, kwani moyo mwovu una mbio. Nikikubali kwamba huyu ni wangu, basi ana mtu mjini, na mtu huyo ni mimi, na sharti ninalowapigia wengine fimbo litanigeukia. Nitagawana naye chakula changu. Watu watajua kwamba mama yangu wa ziwa amevaa kaniki iliyochanika. Na yeye atajua mimi ni nani.

Nikasema, "Bibi, mimi sikujui. Kaa katika safu."

Akanitazama. Akaitazama fimbo. Kisha akasema polepole, na kila mtu akasikia, "Niwie radhi, bwana. Njaa imeharibu macho yangu. Nimekufananisha."

Bi Zuwena alikuwa dirishani juu. Akauliza, "Athumani, huyo ana mtu mjini?"

Nikasema, "Hana, bibi."

"Basi mpe."

Nikachota upawa mmoja, nikamtilia katika kifuu chake. Akapokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, bwana. Mikono ile ndiyo iliyokuwa ikinifunga mgongoni ulipokwenda shamba.

Alikuja siku tisa. Kila siku nilijiambia leo nitamfuata akitoka, nitamwita pembeni, nitaanguka miguuni pake. Kila siku safu ilikuwa ndefu, na jua likapanda, na yeye akaondoka. Nikawa namzidishia uji kidogo. Siku ya nne akauzuia upawa kwa kiganja. "Inatosha, bwana. Nyuma wapo wengine." Hakuniita tena Kijino, wala hakumwambia mtu kitu.

Siku ya kumi hakuja. Nitakuambia nililolihisi, maana nimeapa kutoficha: nilifurahi. Nilivuta pumzi. Nikasema labda amepata chombo cha kurudi. Siku ya kumi na moja hakuja, nikawa sina raha. Siku ya kumi na mbili nikamuuliza mwanamke wa Kikwere aliyekuwa akiketi naye, akaniambia, "Tumbo lilimshika. Wamempeleka kwa mapadre juu ya kitanda. Wewe unamuulizia nini? Si ulisema humjui?"

Niliacha upawa ndani ya chungu, nikaenda mbio mpaka kwenye minazi ya mapadre. Nyumba ya wagonjwa ni ndefu, imeezekwa makuti, na ndani mna watu wa kila kabila, wapagazi wa Kinyamwezi, watumwa waliokombolewa, wazee wasio na kwao. Alikuwa amelala kwenye jamvi karibu na mlango, amepungua kama nguo iliyokamuliwa. Mwanamke Mkristo aliyekuwa akiwahudumia akaniuliza, "Wewe ni nani wake?"

Kabla sijajibu, Bi Tatu alisema, "Huyu ni bwana wa mlangoni kwa Bi Zuwena. Mtu mwema. Ananipa uji."

Mama, kama angenitukana ningeweza kusimama. Nilikaa chini. Nikamwambia yule mwanamke, "Mimi ni mwanawe. Amenilea kwa ziwa lake, nami nikamkana."

Bi Tatu akageuza uso ukutani. Akasema, "Haya. Umenijua."

"Kwa nini hukusema pale mlangoni? Kwa nini hukuniaibisha?"

"Niliona umeikamata fimbo kama inayotaka kukuponyoka," akasema. "Nikajua una lako linalokusumbua. Tena, ningesema, wangekufukuza. Halafu tungekuwa wawili wenye njaa."

Kisha akapapasa chini ya kichwa chake, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na kofia uliyonishonea, mama, ukampa aniletee, ile yenye uzi wa rangi ya zafarani. Siku zile zote za njaa angeweza kuiuza sokoni akala. Aliifanya mto wake. Sijathubutu kuivaa.

Siku ileile nilimweleza Bi Zuwena yote, na fimbo nikaiweka mbele yake. Nilidhani atanifukuza. Akauliza, "Yule mzee wa Kizaramo uliyemrudisha kwa mpwawe, yuko wapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Mtafute. Sharti nililitunga mimi nikiwa nimeshiba, kwa hiyo nusu ya dhambi ni yangu. Nusu nyingine ichukue wewe." Fimbo akaipeleka jikoni ikawa kuni. Tangu hapo hakuna anayeulizwa kitu mlangoni. Uji umekuwa mwepesi zaidi, lakini unafika mbali zaidi. Mimi nachota maji na kukoroga vyungu.

Yule mzee nimemtafuta siku nyingi. Mpwawe nilimpata kisimani. Akaniambia mjomba wake aliondoka kwenda njia ya Msata, akisema heri afe kwenye shamba lake. Nilipotaka kumwombea dua nikagundua kwamba hata jina lake sikuwahi kumuuliza. Mpwawe ndiye aliyenitajia, na sasa namtaja kila baada ya sala. Kama yu hai au amekufa, sijui.

Bi Tatu alipona taratibu. Nilimchukua chumbani kwangu, yeye akalala kitandani, mimi mkekani, tukala pamoja tulichokipata. Habari za Feruzi niliziuliza kwa kila msafara ulioshuka. Mpagazi mmoja anadhani alimwona mzima huko bara, Unyanyembe, lakini alisema "nadhani", nami siwezi kukuandikia zaidi ya alivyosema yeye. Bi Zuwena amemwombea Bi Tatu nafasi bure kwa nahodha anayeshuka kusini.

Nisalimie shangazi mkubwa, na kaka yangu na mkewe, na yule mwalimu aliyenifundisha hati hii niliyoitumia vibaya. Mwambie Mwanahamisi mdogo wangu asijisifu tena kwa ajili yangu huko kisimani.

Mama, aliyekupa barua hii mkononi ni Bi Tatu mwenyewe, naye hajui imeandikwa nini. Jana nilimsikia akimsimulia jirani: "Mwanangu alinipokea pwani, akanibebea mzigo wangu, akanilaza kitandani kwake tangu siku ya kwanza." Na wewe atakusimulia hivyohivyo, kwa furaha, mbele za watu. Usimkatize. Mwache aseme mpaka amalize, umpe maji ya kuoga na wali wa moto. Lakini usimsadiki. Nilipoulizwa kama ana mtu, mimi nilisema hana.

Mwanao anayeomba radhi yako,
Athumani