Mafuta Mapya ya Giaboksi

Dada yangu mpenzi,

Mama amepona mafua. Gari la baba ndilo limekufa. Fundi alimwonya: "Mzee, gia zinateleza. Gari limetembea miaka na mafuta haya haya, uzito wake ndio unaoshikisha gia zilizolika; nikiyamwaga sasa, huenda lisiende kabisa."

Baba akashikilia: "Weka mapya. Safari yangu ni ndefu."

Mlima wa kwanza tu, injini ikanguruma, magurudumu yakagoma. Tulirudi tukivutwa kwa kamba.

Nyumbani ndipo aliponiambia alikuwa anakuja kwako, kukuomba radhi kwa kukufukuza ulipomleta mchumba wako. "Ningetengeneza mapema," akasema. Sikujua anasema gari au wewe.

Kupanda basi hataki, anaona haya. Njoo wewe, dada. Usimwambie nimekuandikia.

Mdogo wako,
Kitindamimba