Vidonge Ndani ya Maharage

Katesh,
2 Mei 2004

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Natumaini wewe, mama na dada Fausta hamjambo, na kwamba mvua haijaozesha maharage.

Nimechaguliwa kukimbia mita elfu tatu kwenye mashindano ya mkoa, Babati, tarehe 5 Juni. Mwalimu Philomena wa michezo ananiita Kimya. Jana aliwaambia wenzangu, "Angalieni, Kimya akiwapita hata hamsikii." Walicheka. Nami nilicheka.

Baba, vidonge vyangu vitaisha tarehe 20. Halafu, mazoezini tuna kikombe kimoja cha maji kwa wote. Nyumbani nimezoea kile changu cha bluu kwenye msumari wake, kwa hiyo hapa husema sina kiu, kisha nakwenda bombani kunywa kwa kiganja. Agatha, ninayekimbia naye, anasema ngamia amehamia Hanang. Nimesoma kwenye kitabu cha baiolojia kwamba ule ugonjwa hauambukizwi kwa mate. Ukurasa huo nimeusoma mara tatu.

Je, naweza kumweleza Mwalimu?

Binti yako,
Tekla


Dongobesh,
11 Mei 2004

Binti yangu Tekla,

Marahaba. Sisi tunaendelea vizuri. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mama yako amemwita Babati kwa sababu yako.

Usimweleze mtu. Hicho kitabu kimeandikwa na watu wasio na binti wa kuoza. Unajua Fausta ameposwa na kijana wa Mzee Tadeo, na ng'ombe wa mahari wanakuja Julai. Jambo lile likifika sokoni, posa imekufa. Wala hawatataja sababu, watasema wamepata udhuru. Shangazi yako Restituta amezeeka nyumbani hivyohivyo, kwa ajili ya ugonjwa wa babu yako.

Gunia lako la maharage ya jiko la shule nitampa Sulle alilete kwa gari lake. Vidonge nimevifunga kwenye nailoni, bila karatasi ya zahanati, nikavitia katikati ya gunia. Lipokee mwenyewe.

Kimbia vizuri.

Baba yako,
Margwe


Dongobesh,
28 Mei 2004

Tekla,

Hujambo? Huku wazima. Sulle anasema gunia alilifikisha tarehe 18 na kumkabidhi mpishi. Wewe hujaandika. Umevipata?

Baba yako


Katesh,
14 Juni 2004

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sasa sijambo. Natumaini nyote ni wazima, pamoja na ndama. Nisamehe kwa kukaa bila kuandika. Kila barua niliyoianza ilikuwa na lile neno.

Gunia lilifika tukiwa mazoezini. Mpishi wetu, Mzee Patriki, alikuta vidonge vyeupe visivyo na jina katikati ya maharage, akadhani ni dawa ya wadudu, kama ile tunayotia kwenye mahindi. Alivifukia nyuma ya jiko na kuosha maharage mara tatu. Kesho yake asubuhi alikuja mstarini akasema, "Kuna mzazi hapa nusura aue shule nzima! Mzazi wa nani huyo?" Wote walicheka. Nilikuwa mstari wa pili. Ningeweza kunyoosha mkono. Sikunyoosha. Mchana nilikula yale maharage.

Babati nilikimbia siku ya kumi na sita bila dawa. Nilikuwa wa pili, mzunguko wa sita. Nakumbuka nyasi. Yaliyofuata nimesimuliwa. Watu walirudi nyuma na mtu akapiga kelele, "Msimguse, mate hayo!" Agatha alikuwa wa tatu. Aliacha mbio, akanilaza ubavu, akanifuta mdomo kwa fulana yake ya mazoezi.

Nilipoamka alinipa kikombe cha maji. Nilikunywa nusu. Alikichukua, akamalizia. Nikamwambia asifanye hivyo. Akasema, "Kunywa, ngamia. Kaka yangu Gidamis anayo hii. Anachunga ng'ombe kama wengine, ila bwawani hatumwi peke yake."

Zahanati ya hapa wamenipa dawa. Mwalimu Philomena hajanitoa kwenye timu. Ila anasema nisikimbie mpaka daktari aniruhusu, na mpaka mzazi wangu aandike barua kwa mkono wake, ataje ugonjwa na dawa, isomwe na walimu na jikoni pia. Bila barua hiyo sikimbii tena.

Najua Julai ni ya Fausta. Sikuombi uandike. Nakupa tu maneno yake.

Binti yako,
Tekla


Dongobesh,
4 Julai 2004

Binti yangu Tekla,

Marahaba. Hatujambo. Ndama anakula majani.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaenda shambani, nikarudi nikaisoma tena. Nimefanya hivyo siku nyingi.

Juzi watu wa Mzee Tadeo walikuja kupanga siku ya kuleta ng'ombe. Kabla ya chai niliwaambia, "Binti yangu mdogo ana kifafa. Baba yangu alikuwa nacho. Ameanguka Babati mbele ya watu kwa sababu mimi nilificha dawa yake kwenye maharage." Mzee Tadeo akauliza, "Na hayo maharage, yaliliwa?" Nikasema yaliliwa. Wameomba muda hadi baada ya mavuno. Sijui watarudi. Fausta anasema nikuandikie kwamba hajakukasirikia wewe. Amenikasirikia mimi.

Barua ya Mwalimu imo humu ndani. Neno lenyewe nimeliandika. Isome kwanza, kama kuna kosa nirudishie. Dawa anazo Sulle mkononi, na karatasi ya zahanati yenye jina lako imebandikwa juu.

Siku ile ya wageni vikombe vilipungua kimoja. Mama yako alitaka kuazima kwa jirani, kwa Mama Efrazia. Nikakitoa kile cha bluu kwenye msumari, nikanywea chai mimi, mbele yao. Kumbe kimebanduka rangi pale pa kuwekea mdomo. Kinakwaruza. Miaka sita umekinywea, hukusema.

Baba yako,
Margwe