Ukuta Atakaoushika Mama

Jumanne, 9 Septemba
Ng'ombe, maji, chai. Kisha bafuni kama kila siku, ila leo nimeegemea ukuta ukaniachia. Udongo umeshuka upande mzima wa karai. Nyuma yake tofali mbichi zimeliwa na maji, ngumi inaingia. Mama anatoka hospitali Jumapili ya wiki ijayo. Nyonga imeunga, anatembelea mkongojo. Ameshasema haogeshwi na mwanawe wa kiume, na dada huko Runazi ana kichanga. Ataoga mwenyewe, ameshika ukuta. Ukuta upi? Naogopa.

Jumatano, 10 Septemba
Nimetoa tofali mbovu, nimepanga nyingine. Chini, maji yanaporukia, nimeweka mawe bapa. Kusiriba, kupaka ukuta udongo, sijawahi. Hapa Kirushya ni kazi ya wanawake, na kwetu alisiriba Mama kila kiangazi. Kwenye ukingo uliobomoka nimeiona kazi yake: matabaka juu ya matabaka, membamba kama maganda ya mgomba. Miaka yote hiyo. Nimesimama pale nimeduwaa. Naoga humo tangu utoto na sikuwahi kuutazama.

Ijumaa, 12 Septemba
Jana nilijifanya fundi. Saruji nzito, kwa mkupuo, juu ya tofali kavu. Jioni ilipendeza. Asubuhi imelala chini, kipande kizima. Nimetukana peke yangu. Jirani, Mama Devota, akachungulia juu ya ua akacheka mpaka akashika kiuno.
"Mwanaume na kusiriba! Ukuta una kiu, baba, hujaunywesha. Na saruji ya nini kwenye udongo? Kata udongo wa kichuguu."
Kichuguu cha karibu ni cha Mama, kile cha kumbikumbi. Hakuna anayekigusa. Mvua za kwanza zikija anakitegea, anakaanga, anagawia majirani. Nimekata ubavuni, nikaacha shimo la kuingia kichwa. Roho inanisuta.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimerudi kichuguuni kuongeza udongo. Shimo halipo. Usiku mmoja tu! Limezibwa, bado bichi. Nikabomoa kidogo pembeni, nikachuchumaa. Mchwa akatoka na punje mdomoni, imelowa. Akaibandika, akaigusagusa, akarudi ndani. Mwingine. Mwingine. Hakuna aliyebeba donge. Chai nimeisahau. Hata Mama nilimsahau, Mungu anisamehe. Vipofu wale, bila mwiko, na kichuguu chao nimezaliwa nimekikuta.
Udongo sikukata tena. Niliokuwa nao umetosha, nikauchanganya na samadi na mchanga kidogo. Ukuta nimeunyunyizia maji mpaka ukashiba. Kisha kwa kiganja, kidogo kidogo, tabaka jembamba.

Jumatano, 17 Septemba
Tabaka la mwisho. Lile la kwanza lilipasuka nikakosa usingizi. Nimelowesha, nimesugua, nyufa zimefunga. Kazi yangu ina vinundu, haifanani na ya Mama hata kwa mbali. Jioni nimeuegemea kwa uzito wangu wote. Umekaa. Nimecheka kama mjinga.

Jumapili, 21 Septemba
Mama amefika. Ameutazama ukuta. Ameuliza udongo umetoka wapi. Nikamwambia. Nilitegemea hasira.
"Wamerudishia?"
"Wamerudishia, Mama. Usiku huo huo."
Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaomba maji ya moto.
Nimekaa nje ya bafu, nimegeuza mgongo. Nimesikia mkongojo ukilazwa chini. Kiganja kikipapasa ukuta. Halafu maji. Amekaa humo sana, nikamwita, akaniambia niache makelele. Ametoka na khanga safi, amechoka, anatabasamu.
Jioni nimeingia kuoga. Mkono wa kushoto, aliposhika, ukuta uko imara. Mkono wa kulia, usawa wa kifua chake, vinundu vyangu havipo. Pamesawazishwa kwa kiganja chenye maji, pamelainika kama zamani.