Amplifaya ya Wati Chache

Mjukuu wangu Wanjiru,

Hapa Subukia tuko salama, na nyanya yako amemaliza kuvuna mahindi. Umeuliza ununue amplifaya gani. Za siku hizi sizijui, lakini ukienda dukani beba wimbo unaoujua vizuri.

Nikiwa kijana niliingia duka moja Nakuru kutafuta yenye wati nyingi. Fundi akaniuliza, "Utasikiliza nini?" Nikampa kaseti ya kwaya alimoimba marehemu mama yangu. Amplifaya kubwa ilitikisa rafu, nami nikaridhika. Kisha akaunganisha ndogo kwenye spika zilezile. Hapo nikamsikia mama akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti.

"Nikufungie ipi, boss?"

Nilionyesha ile ndogo kwa kidole.

Babu yako