Kifungu Kilichobaki

Jumatatu, 10 Februari

Kamati tangu asubuhi. Chai, sambusa, muhtasari wa kikao kilichopita. Halafu sheria ndogo yangu ya vyoo vya mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Ziwa lilipopanda lilimeza vile vya zamani. Sasa wanawake wanaoanika dagaa wanaingia vichakani. Mimi ndiye diwani wao. Niliwaahidi.

Upande wetu tuko kumi na watatu, wao kumi na wawili. Meya anasema tumeshapita.

Jumatano, 12 Februari

Mzee Rajabu kanifuata nyumbani, Ujiji. Ni wa upande wetu, diwani tangu sijaolewa. Nikamwamkia, akaitika vizuri, akala ugali na migebuka. Kisha:

"Mwanangu, kile kifungu cha kuchukua ardhi nyuma ya mwalo kitoe. Pale pana maghala yangu. Ukikitoa, mkono wangu mnao."

Nikamsindikiza hadi mlangoni. Mkono wake ukihamia ng'ambo, kwa wapinzani, tumekwisha.

Ijumaa, 14 Februari

Meya kasema kitolewe. Vyoo vitajengwa juu, kandokando ya barabara. Mbali, lakini vyoo. Nimekubali. Nina hasira mpaka kichwa kinauma.

Jumatatu, 17 Februari

Habari imeenea kwamba Mzee Rajabu amepewa alichotaka. Sasa Yohana naye. Wa kwetu, diwani mpya, hajawahi kufungua mdomo kikaoni. Leo kaufungua. Barabara ile iko kwenye kata yake, na hataki harufu kwa wapiga kura wake. Naye ni mkono mmoja, kama mzee. Kifungu cha ujenzi sasa kinasomeka: "pindi eneo litakapopatikana."

Halitapatikana.

Jioni nikampigia diwani mmoja wa ng'ambo, mama kama mimi. Akasema, "Dada, nakuunga mkono kabisa. Ila nikinyoosha na nyie, chama kitanivua udiwani." Nilimwamini. Ingekuwa nafuu kama ningemwona mwongo.

Jumanne, 18 Februari

Sikwenda popote. Nimefua.

Alhamisi, 20 Februari

Baraza. Sheria imepita. Mikono yote, ya kwetu na ya ng'ambo. Makofi. Meya kanipa mkono mbele ya wapiga picha.

Kimebaki kifungu kimoja tu chenye meno: atakayejisaidia ufukweni atatozwa faini. Hicho hakuna aliyekipinga wala aliyetaka kitolewe. Kiliandikwa kiende pamoja na vyoo. Vyoo vimeondoka, chenyewe kimebaki.

Nami nilinyoosha. Niliogopa kuwa mkono pekee ulio chini. Nimejidharau njia nzima.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshuka mwaloni. Kibao cha katazo kimesimikwa, rangi bado inanata. Mgambo wawili chini yake.

Ziada, aliyenipigia kampeni nyumba kwa nyumba, alikuwa akigeuza dagaa mchangani. Nilijiandaa kulaumiwa. Nilitaka kulaumiwa. Akafuta kigoda kwa khanga, nikakaa, akanimiminia maji kikombeni. Jua lilikuwa kali. Nikamuuliza mbona yeye hanywi.

"Sisi siku hizi tunakunywa tukifika nyumbani."

Alisema kama anayenieleza bei ya samaki. Kisha akaniulizia watoto. Nikamwambia hawajambo.