Vizibo Sita vya Gari la Mto

Jumapili, 3 Novemba. Riyadh

Warusi walihitaji jeshi zima kuvuka mto. Mimi nahitaji spana na chai ya maziwa. Shule niliiacha darasa la sita, lakini gari hili la Kisovieti nalijua kuliko aliyelitengeneza. Angekuwa hai, angenipigia simu kuuliza.

Leo nimeshinda chini yake tena. Mgongo mafuta matupu. Ni gari la minyororo, la vita: juu lori, chini mashua, nyuma mapanga mawili ya kusukuma maji. Daraja likilipuliwa, askari wanapanda na mzinga wao, wanavuka huku wanapigwa risasi. Sasa limekaa uani kwa bosi, hapa Al-Naseem, hakuna hata dimbwi. Bosi anakusanya vyuma vya vita kama watoto wanavyokusanya vifuniko vya soda.

Fundi mkuu ni Ami Haji, mdogo wake baba. Mkuu kuliko mkuu ni miye.

Bosi ndiye kafili wetu, mdhamini wa vibali vyetu. Kasema Ijumaa gari lielee Jidda mbele ya wageni wake. Likielea, ikama ya Ami, kibali chake cha kuishi, inafanywa upya. Likizama, khuruji: anatolewa nchini, apelekwe Unguja. Ami kazaliwa Ruwais, Jidda. Unguja hajaikanyaga hata siku moja, pasipoti tu ndiyo ya huko.

Uonevu mtupu. Nimemwambia asiogope, miye nipo. Akaguna.

Jumanne, 5 Novemba

Tumeosha tumbo la gari. Mchanga uliotoka unajaza makarai manne. Chini kuna matundu sita ya kutolea maji, kila moja na kizibo chake cha chuma. Ukisahau kimoja, mashua inakuwa chujio.

Ami ana sheria yake. Anayefungua vizibo anavitunga kwenye uzi, anauvaa shingoni, haukai penginepo, mpaka virudi mahali pake. Uzi ukiwa mtupu, kazi imekwisha.

"Ami, miye bi harusi, unanivisha mkufu?"

"Vaa. Bi harusi mwenyewe sura hana."

Nimevaa. Vizito. Shingo inauma. Siandiki hili kulalamika.

Jumatano, 6 Novemba. Njiani

Gari juu ya trela, sisi mbele na dereva. Kwenye kizuizi askari katoa macho. Nikamwambia miye ndiye kapteni wa kikosi cha mto. Kacheka, akatupa tende. Ami hakucheka. Njia nzima anaitazama ikama yake, anaigeuza, anairudisha mfukoni.

Alhamisi, 7 Novemba. Ruwais

Tumelala kwa Bibi, mamake Ami. Nyumba imejaa. Binamu yangu Rukia kaja na wanawe kutoka Bani Malik. Kuniona tu, kaanza.

"Makubwa! Hirizi sita? Wachawi wa Unguja wamekufuata mpaka Jidda?"

Wakacheka wote, hata Bibi. Nikauvua uzi. Watoto wakavidaka vizibo, wakavifanya magari, vikabingirika chumba kizima. Nikawaeleza vita, nikapiga mizinga kwa mdomo. Walinipenda. Baadaye nikavizoa, nikavitunga, nikalala kama mfalme.

Ijumaa, 8 Novemba

Bosi mshenzi. Naandika kwa kalamu nyekundu kusudi.

Tulifika Obhur mapema, pale hori, mkono wa bahari, inapoingia nchi kavu. Nikalala chini ya gari, nafunga vizibo. Mtoto wa bosi akaniita nipige naye picha juu ya gari. Nikapiga, nyingi. Nikarudi chini, nikamalizia mpaka uzi mtupu.

"Vizibo?" Ami akauliza.

"Sita, kapteni!"

"Umehesabu?"

"Nimehesabu!"

Wageni wakakaa na kahawa zao. Ami kwenye usukani, miye mbele nimesimama kifua wazi. Liliingia majini kama bata. Likaelea! Wallahi lilielea. Wageni wakapiga makofi, nami nikawapungia mkono.

Tulipofika kati, miguu ikalowa. Kisha magoti. Pampu inatapika, maji hayapungui. Ami hakuruka. Aligeuza pua ya gari, akalirudisha mpaka minyororo ikagusa mchanga, maji yako kifuani kwake. Nyuma kote kukazama.

Bosi hakupaza sauti. "Halas, Haji. Khuruji." Basi. Mtu kamtumikia miaka yote ile, maneno matatu.

Nikamfokea mbele ya wageni wake. Gari lako bovu! Raba ya mlango wa nyuma imeoza! Ami akanivuta mkono nusu aung'oe.

Jumamosi, 9 Novemba

Karani wa bosi kaja na karatasi, nitie saini kwamba Ami ni mzembe. Nimeichana vipande vinne mbele ya macho yake. Na glavu za bosi nimemtupia. Anitafute.

Nimemweleza kila mtu mtaani: ni raba. Au pampu. Au Warusi, wao walizoea mto, hawakujua maji ya chumvi. Wameniamini.

Ami anapanga nguo zake. Sanduku dogo.

Jumatatu, 11 Novemba

Asubuhi Bibi alikuwa anafagia. Katoka chumbani na kitu cha chuma mkononi.

"Hiki cha nani? Kilikuwa nyuma ya kabati."

Ami alikuwa anakunywa chai. Akakichukua, akakifuta kwa kanzu yake, akakitia mfukoni.

Nikamwambia nakwenda kwa bosi sasa hivi, nimweleze. Nimekwisha vaa viatu.

"Kaa," akasema. "Akijua, tutatolewa sote wawili. Bibi yako atabaki na nani?"

Nikakaa. Akanimiminia chai.

Anaondoka keshokutwa. Ameomba nimfundishe Bibi kupiga simu ya video.

Raba ilikuwa nzima. Pampu pia. Nilitazama uzi, tumbo la gari sikulitazama. Ami aliniuliza kama nimehesabu, nikasema ndiyo.

Sikuhesabu.