Ng'ombe wa Ukutani

Usevya, Mpanda

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta unakula na kulala, na mgongo umekupunguzia maumivu. Sisi huku tunapumua, ila tumechoka. Hii ni barua ya tatu tangu tumzike mdogo wangu Holo, na hujanijibu hata moja. Sikulaumu.

Tangu tela la trekta lipinduke mtoni na watu wetu kwenye zile mvua za elinino, kijiji kilikuwa kimya kama kimehamwa. Tulipomaliza kuvuna mpunga, sisi wanawake tuliofiwa tukakubaliana kusiriba ukuta wa ghala la kijiji na kuuchora kwa udongo mweupe, mwekundu na masizi. Kila nyumba ichore kitu cha marehemu wake. Mikono ilikuwa inauma, lakini afadhali hiyo kuliko kukaa ndani.

Sura ya Holo ilinishinda. Nikachora yule ng'ombe wetu wa baka jeupe aliyempenda. Pembeni yangu alikuwa Mama Tatu, Mpimbwe mwenyeji wa huku, aliyefiwa na mumewe kwenye tela lile lile. Yeye alikuwa amechora shamba lao la mpunga. Sikuangalia vizuri, mama. Ng'ombe wangu akatokea mdomo uko ndani ya mpunga wake!

Na unajua ng'ombe wetu walivyowahi kumlia shamba kweli. Akatupa chungu cha udongo chini. "Nyie Wasukuma! Shambani mmetumaliza, sasa mpaka ukutani?"

Wengine wakacheka. Mimi nikalia mbele za watu, mara ya kwanza tangu mazishi. Nikachukua kitambaa nimfute ng'ombe.

"Acha," akasema Mama Tatu. "Akichunga mdogo wako, ng'ombe hawakuwahi kuingia kwangu."

Akachovya kidole kwenye masizi, akamchora Holo amesimama kati ya ng'ombe na mpunga, fimbo begani, kitambaa cha kichwa kimelegea upande mmoja kama kawaida yake. Macho hana, pua hana, lakini kila anayepita anamtaja jina. Siku hizi mimi na Mama Tatu tunachota maji pamoja.

Sasa nikwambie nililolificha kwenye zile barua mbili. Siku ile asubuhi Holo alisema atarudi kutoka mnadani kwa miguu. Mimi ndiye niliyemwambia apande tela, awahi kunisaidia kupika. Nimelibeba hili mpaka nimechoka, mama.

Nisalimie baba mdogo na wifi yangu mwenye mapacha. Na kaka anayekusomea, mwambie asiruke hapo juu.

Udongo huku unaliwa na mvua, kwa hiyo kila kiangazi tutasiriba upya. Mkono mmoja wa Holo, ule usioshika fimbo, bado haujachorwa. Mama Tatu alitaka kuumalizia, nikamzuia. Njoo uuchore wewe, hata kama utakuja kunigombeza.

Ni mimi binti yako uliyebaki naye,
Minza